Leo Nahodha, Kesho Baharia: Mwongozo Kamili wa Kupokezana Usukani Mezani

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Kundi la watu watano linacheza mchezo wa kuigiza wa mezani vizuri miezi mitatu, minne. Nahodha, yaani msimulizi anayeongoza mchezo, anachoka, anaomba naye apate mhusika wake acheze kama wenziwe. Mmoja wa wachezaji anajitolea kushika usukani. Kikao cha pili mtu ana udhuru, cha tatu wanafika wawili, cha nne hakipo.

Wengi hudhani kasoro ni ya yule mpya: hajui kanuni, hajui kusimulia. Mara nyingi si yeye. Kasoro ni ya yule aliyeshuka kitini halafu akaondoka na kiti. Nalijua hilo kwa kuwa nimelifanya mwenyewe hapa Lamu, na huko mbele nitaeleza nilivyomvunja moyo kijana wa watu.

Mwongozo huu ni wa kundi ambalo limeshacheza michezo ya kuigiza ya mezani na linajua kutupa dadu. Maneno yetu ni haya: anayesimulia dunia, kuigiza maadui na kuamua kanuni ni nahodha. Wenye mhusika mmoja mmoja ni mabaharia. Kisa ni mkasa mmoja wenye mwanzo na mwisho, na safari ni visa vinavyofuatana. Kikao ni usiku mmoja wa kucheza. Ngazi ni kiwango cha uwezo wa mhusika, na ugumu ni namba ambayo dadu pamoja na nyongeza ya mhusika lazima ifikie ili jambo lifanikiwe.

## Vitu vya kuandaa

Kanuni za aina moja. Mkicheza mchezo maarufu wa Dungeons & Dragons, kanuni za msingi za toleo la 5 ziko bure: hati yake ya marejeo namba 5.1 ilitolewa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo mnaruhusiwa kuipakua, kuichapisha na hata kuitafsiri. Chapeni kurasa za mapigano na za majaribio ya uwezo, nakala moja ya meza nzima. Kila mtu akiwa na nakala yake kwenye simu, kila mtu anakuwa kadhi.

Dadu. Seti moja ya dadu 7, ikiwamo ile ya pande 20, inatosha kwa kuanzia. Mkiikosa, andikeni namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi, muvitie kikombeni, mchanganye, mvute. Kila aliyevuta arudishe kikaratasi kabla mwenziwe hajavuta. Ukisahau, aliyevuta 20 ameiondoa mchezoni na wanaomfuata wanavuta kwenye mabaki. Vikaratasi vina faida nyingine pia. Wapo watu, wazee hasa, ambao dadu hawaipendi hata pasipokuwa na senti mezani, na si kazi yako kubishana nao barazani kwao. Toa kikombe.

Madaftari. Moja ni *daftari la chombo*, la wote, linakaa katikati ya meza. Mengine ni ya siri, kila nahodha na lake.

Bahasha mbili kubwa za kufungwa kwa gundi.

Komwe 20 hivi za bao, ziwe maadui kwenye ramani. Ukizichukua kwa wazee zihesabu mbele yao, na uzirudishe zote.

Vibanio vya nguo na taa ya kuchaji. Anayecheza juu ya paa wakati wa kusi bila vibanio ataokota karatasi ya mhusika wake uani kwa jirani. Na umeme mnaujua wenyewe.

Muda. Sisi hukaa baada ya Isha mpaka saa tano usiku. Kabla ya hapo ni hasara: ukianza baada ya Magharibi, adhana inakukuta katikati ya vita.

## Hatua ya 1: Pokezaneni kwa kisa, si kwa kikao

Kosa la kwanza hufanyika hata kabla ya kubadilishana. Watu wanasema, "Basi wiki hii wewe, wiki ijayo yule." Wiki ijayo ikifika, yule anakuta mabaharia wamefungwa kwenye pango ambalo hakulichora, wakimsubiri mzee ambaye hajui anataka nini.

Zamu iishe pale kisa kinapoisha. Kisa kimoja kichukue vikao viwili mpaka vinne, cha anayeanza kimoja tu. Kikivuka hapo ni safari nzima, na anayefuata atangoja mpaka hamu imtoke.

Kisha amueni mtagawanaje dunia. Kila nahodha anaweza kuja na dunia yake na wahusika wapya. Hakuna vurugu, lakini mhusika unayempenda humwoni tena mpaka zamu irudi. Mnaweza pia kushika simulizi moja, mmoja akiishia mwenziwe aendelee. Hii inavutia ukiisikia, ila kila siri inahitaji vichwa viwili, na ndiyo inayovunja meza nyingi.

Ninayoipendekeza ni ya visiwa. Dunia ni moja, wahusika ni wale wale, ila kila nahodha ana kisiwa chake na hagusi cha mwenziwe. Sisi watu wa huku hatuhitaji kuelezwa sana. Kutoka Amu, yaani Lamu, ukivuka Manda, ukaenda Pate, ukafika mpaka Kiwayu, kila kisiwa kina mambo yake na watu wa kisiwa cha pili hawayajui yote. Mabaharia wakipanda jahazi wakahama kisiwa, usukani umehama nao. Hakuna anayelazimika kueleza kwa nini dunia imebadilika sauti.

Tahadhari: msiamue zamu usiku ule ule nahodha alipochoka. Mtu aliyechoka hukabidhi usukani kwa yeyote aliye karibu.

Utajua mmefaulu pale kila mtu mezani anapoweza kutaja bila kuulizana nani anafuata, atashika wapi, na kisa cha sasa kina vikao vingapi vilivyobaki.

## Hatua ya 2: Funga kisa chako kabla hujashuka

Hapa ndipo nahodha anayeondoka anapodanganya nafsi yake. Kichwani ana mambo kumi ambayo hajayafichua, na anaondoka nayo akijiambia, "Nitarudi." Kwenye kiti cha baharia mambo hayo hayamwachi akatulia.

Chukua daftari lako la siri. Andika kila siri iliyobaki mstari wake, halafu mbele ya kila moja weka herufi moja kati ya tatu.

F, kufichua. Siri ambayo mabaharia wamekaribia kuijua. Itoe kikao cha mwisho hata kama haikutoka kwa mbwembwe ulizozipanga.

K, kukabidhi. Siri ambayo nahodha ajaye anaihitaji ili dunia isimame. Inakwenda kwake na inakuwa yake. Anaweza kuigeuza, kuitumia vibaya, au kuisahau.

Z, kuzika. Yote yaliyobaki. Piga mstari juu yake. Haikutokea, haipo.

Hesabu za Z ziwe nyingi kuliko unavyotaka. Nilikuwa na mfanyabiashara wa boriti, mtu mpole, ambaye kwa siri alikuwa ndugu wa sultani. Nilimlea mtu huyo vikao sita. Nikamkabidhi kwa mwenzangu nikijua atamfikisha mbali. Kikao cha kwanza cha mwenzangu, mfanyabiashara alikanyaga ubao mbovu gatini, akazama, akafa. Nilikasirika siku tatu, na sikuwa na haki ya kukasirika hata saa moja. Ningempa Z, angefia kwangu kwa heshima zake.

Utajua umefaulu pale ukiulizwa "Na yule alikuwa nani hasa?" unaweza kujibu moja kati ya haya mawili: "Mmeshamjua" au "Muulize nahodha." Ukijikuta unatabasamu na kusema "Mtaona," hujashuka.

## Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja wa makabidhiano

Mmoja, si mitano. Nahodha mpya hasomi mitano, na akiisoma itamtisha. Ukurasa huu ubandikwe kwenye daftari la chombo ili kila mtu aone, isipokuwa siri za K, ambazo zinaingia bahasha na kufungwa kwa gundi.

Huu ni mfano wa ule tulioutumia mara ya mwisho:

> *Mabaharia wako wanne, ngazi ya 3. Wametoka Kisiwa cha Mikoko, jahazi lao lina tanga lililochanika.*
> *Wana: dhahabu 140, ramani ya nusu, upanga mmoja wa ajabu (wa mlinzi).*
> *Wamemwahidi mjane wa bandarini kumrudishia mwanawe kabla ya kusi.*
> *Anayewachukia: liwali. Anayewapenda: mpishi wa liwali.*
> *Kanuni tulizozibadili: ukitupa 20 kwenye mapigano, unasimulia pigo lako mwenyewe.*
> *Tusiyoyagusa mezani: watoto kuteswa, mzaha wa dini ya mtu yeyote.*

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayoleta ugomvi. Kanuni za nyumbani haziko kwenye hati yoyote, zimo vichwani. Nahodha mpya akizivunja bila kujua, ataonekana mjeuri. Ahadi nazo ziandikwe zote. Baharia anasahau jina la mji, ila ahadi aliyoitoa kwa mjane haisahau, na akiona nahodha mpya haijui anahisi kuwa vyote alivyovifanya havikuwa na thamani.

Mkabidhi kwa mdomo pia, mbele ya wote, dakika tano. Sisi nahodha anayeondoka humpa mpya daftari kwa mikono miwili na kusema, "Chombo ni chako." Wengine wanaona ni mchezo wa watoto. Sawa, lakini tangu tuanze kufanya hivyo sijasikia tena mtu akimwita nahodha wa zamani aamue jambo.

## Hatua ya 4: Mlaze mhusika wako

Unaposhika usukani, mhusika wako afanye nini? Wengi wanaenda naye. Nahodha anaigiza joka kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anatupa dadu za mhusika wake anayepigana na joka hilo. Anajiuliza swali na kujijibu mwenyewe huku wenziwe wanne wakinywa kahawa.

Mimi nilikuwa na Mbwana Tanga, baharia mzee mwenye jicho moja. Nilipokuwa nahodha nilimchukua "asaidie tu." Kufikia kikao cha tatu alikuwa ameokota kisu cha fedha, ameokoa maisha ya wawili, na ndiye pekee aliyejua njia. Sikukusudia hata kimoja. Ukijua kilicho nyuma ya mlango, mhusika wako hatakosea mlango.

Mlaze. Ana homa, analinda jahazi, amekwenda harusini Faza. Sababu isizidi sentensi moja. Wacheza Ars Magica, mchezo uliotoka 1987, wamezoea jambo hili kwa kuwa limo ndani ya utaratibu wao: usimulizi unaweza kuzunguka, na mtu ana mhusika zaidi ya mmoja, hivyo mmoja akibaki nyumbani hakuna anayeshtuka.

Aliyelala asipunjwe. Wenziwe wakipanda ngazi, naye apande. Fungu la dhahabu apate la kawaida, vitu vya ajabu asipate. Mkimwacha nyuma, hakuna atakayekubali kuwa nahodha, kwa sababu kushika usukani kutakuwa adhabu.

## Hatua ya 5: Kaa kwenye kiti cha baharia

Soma hatua hii mara mbili ikiwa wewe ndiye uliyekuwa nahodha.

Ilikuwa juu ya paa la nyumba moja mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Kijana wa miaka kumi na tisa alishika usukani kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameandaa nyumba ya tajiri aliyekufa, na ndani yake chumba cha siri. Nyumba hiyo niliichora mimi enzi zangu, naye aliomba aitumie. Mlango wa siri ulikuwa nyuma ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kidaka cha tatu kutoka kushoto.

Mabaharia wakaingia ukumbini. Kijana akaanza kueleza mapambo ya ukuta, sahani za kale, vumbi. Mbwana Tanga, yaani mimi, akaenda moja kwa moja kwenye kidaka cha tatu na kukisukuma.

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, haya, tupa dadu, ugumu ni 10. Nikamwambia, "Kumi? Mlango wa siri si 15?" Akaniangalia. Akasema 15. Toka hapo, kila alipotakiwa kuamua jambo aliniangalia kwanza, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikitikisa kichwa kumkubalia.

Binti wa ami yangu, aliyekuwa akicheza mwizi, alitua kikombe chake cha kahawa akaniuliza kwa Kiamu: "Yeo u nani?" Yaani, leo wewe ni nani?

Wote wakacheka, nami nikacheka. Kijana hakucheka. Wiki iliyofuata alisema ana kazi ya boti. Alirudi baada ya miezi miwili.

Swali lile ndilo tunaloanza nalo kila kikao sasa. Zunguka meza, kila mtu ajibu: "Leo mimi ni nahodha," "Leo mimi ni Mbwana Tanga." Baada ya hapo, haya ndiyo yaliyonisaidia mimi kufunga mdomo:

Uwe wa tatu. Nahodha akiuliza "Mnafanya nini?", usijibu mpaka wenzio wawili wamejibu. Nahodha wa zamani ana mazoea ya kujaza kimya, na kimya hicho si chako tena.

Chagua mhusika asiyejua. Usirudi na mzee wa hekima, wala mchawi aliyesoma vitabu vyote. Rudi na mpagazi, mpiga ngoma, mtu aliyefika mjini jana. Ujinga wa mhusika utakulinda na ujuzi wako.

Uliza kabla ya kutumia unachokijua. Tuseme mmekutana na zimwi la aina ya troll. Wewe unajua kuwa majeraha yake yanajifunga yenyewe mpaka apigwe kwa moto au tindikali. Mhusika wako je? Usijifanye umebahatika kushika mwenge. Muulize nahodha wazi: "Mhusika wangu angekuwa amesikia habari za huyu?" Atasema ndiyo, au hapana, au atakwambia utupe dadu ya pande 20 kwa ugumu wa 15. Jibu lolote ni halali. Ukiambiwa hapana, piga kwa upanga na ushangae na wenzio majeraha yakifunga. Mshangao huo utamu wake haupungui kwa kuwa unaujua. Waangalie wenzio nyuso zao.

Omba kazi ya mikono. Shika daftari la chombo, hesabu dhahabu, panga komwe kwenye ramani. Mkono wenye kazi haunyooshi kidole.

Tahadhari: usiende upande wa pili ukanuna. Nimeona nahodha wa zamani anayekaa kimya kikao kizima kwa kisingizio cha "kumwachia nafasi." Kila mtu mezani anakisikia kimya hicho, na nahodha mpya anakisikia zaidi. Cheza, ongea, kosea, ogopa. Unachokiacha ni kuongoza tu.

Utajua umefaulu siku nahodha mpya atakapofanya uamuzi mbaya kabisa, nawe ukagundua baadaye ukiwa njiani kurudi kwako.

## Hatua ya 6: Ubishi wa kanuni upewe dakika moja

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Aliyeshika usukani usiku huo ndiye mwenye neno, hata kama amekosea.

Anayepinga aseme mara moja, kwa sentensi moja. Nahodha aamue ndani ya dakika moja. Ubishi uandikwe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la chombo, na baada ya kikao, si kabla, msome kanuni pamoja. Ikionekana nahodha alikosea, sahihisho linaanza kikao kijacho. Hakuna kurudi nyuma kumfufua aliyekufa, isipokuwa nahodha mwenyewe apende.

Ila moja: kosa likiwa linamuua mhusika wa mtu, simamisheni mchezo hapo hapo mwangalie. Mtu hulala na hasira ya mhusika wake kama amefiwa na paka.

## Hatua ya 7: Kwa anayepanda usukani mara ya kwanza

Sasa naongea na wewe uliyekuwa baharia. Tatizo lako ni kinyume cha lile la mwenzio. Umezoea kushinda, kwa hiyo ukipewa maadui utataka washinde.

Adui hayuko pale kushinda. Yuko pale kutaka kitu: mali, kisasi, njia ya kupita. Akishindwa kukipata anakimbia, anajisalimisha, anaomba mjadiliane. Ukimpa kila adui jambo moja analolitaka, hutajikuta unashindana na rafiki zako.

Andaa kidogo. Mimi humwambia anayeanza alete kisa cha kikao kimoja, mahali patatu tu, majina matano kwenye kikaratasi, na tatizo moja linaloelezeka kwa sentensi: *punda wa kadhi ameibiwa na ndani ya shogi lake mna barua.* Inatosha. Majina matano yana maana yake: baharia lazima atamuuliza muuza halwa jina lake, na ukisita wote wanajua kuwa muuza halwa si kitu. Ukisema papo hapo "Mzee Shee," muuza halwa anakuwa mtu.

Ugumu wa majaribio ndio unaowaponza wengi. Mgeni hutaka msisimko, anaweka 20 kila mahali. Piga hesabu. Baharia mwenye nyongeza ya 3 akitupa dadu ya pande 20 hufaulu mara 14 kati ya 20 ugumu ukiwa 10. Ukiwa 15, mara 9. Ukiwa 20, mara 4 tu. Ukimtaka avuke ukuta kwa 20 ili kisa kiendelee, mara 16 kati ya 20 umekiua kisa chako mwenyewe. Anza na 10 kwa mambo mepesi na 15 kwa ya kawaida. Weka 20 mara moja usiku mzima. Na kama kisa hakiwezi kwenda bila jambo hilo kufanikiwa, usitupishe dadu hata kidogo; waache wapite.

Maadui nao: hesabu wako wangapi kabla ya kuhesabu nguvu zao. Kila komwe uliyoiweka kwenye ramani ina zamu yake ya kupiga. Vibwengo wanne wanyonge dhidi ya mabaharia wanne wa ngazi ya 1 wanaweza kuua mtu. Weka wawili, na wengine wawili wawe nje ya mlango. Mabaharia wakizidiwa, mlango haufunguki. Hakuna atakayejua.

Usipojua la kufanya, na itatokea, sema: "Mnafanya nini?" Kisha nyamaza. Watakupa jibu bora kuliko ulilokuwa ukilitafuta.

Tahadhari: usimtafute nahodha wa zamani kwa macho. Kama huwezi, mkalishe upande wako uleule wa meza, bega kwa bega, ili usimwone. Yule kijana wa Langoni ndiye aliyeligundua hili aliporudi, na tangu hapo nakaa kulia kwake.

Utajua umefaulu mabaharia wakianza kubishana wao kwa wao kuhusu mpango wao bila kukuangalia wewe.

## Hatua ya 8: Kurudisha usukani

Fanya yale yale ya hatua ya 2 na ya 3 kwa upande wako. Zaidi ya hayo, muulize kila baharia swali moja: nini kibaki? Usiulize nini kibaya. Hilo watakwambia bila kuulizwa. Andika majibu kwenye ukurasa wa makabidhiano. Nahodha anayerudi akute dunia imeongezeka, asiifute ili arudishe yake.

## Mambo yakienda kombo

Nahodha mpya anaomba ushauri katikati ya kikao. Msijibizane mbele za watu. Tangazeni mapumziko ya dakika kumi, mshuke ngazi, mwambie mambo mawili anayoweza kuchagua, usimwambie lipi. Mapumziko yafuate kahawa na kaimati ili wasiojua wadhani ndiyo sababu.

Mabaharia wanamwita nahodha wa zamani aamue. Jibu ni moja, "Mimi leo ni Mbwana Tanga," irudiwe mpaka wachoke.

Mtu mmoja hataki kabisa kuwa nahodha. Mwacheni. Zamu si deni. Apewe daftari la chombo na uchoraji wa ramani.

Watu wawili wanautaka usukani kwa pamoja. Mpeni kila mmoja kisiwa, na mabaharia wachague watang'oa nanga kwenda wapi kwanza.

Nahodha hakufika. Kwetu hutokea: wa Shela kakosa boti, kutembea ni dakika arobaini na giza limeshaingia. Ndiyo kazi ya bahasha ya pili. Ndani yake pakae kisa cha usiku mmoja, ukurasa mmoja, maadui wawili, kilichoandikwa na mtu yeyote mezani. Anayeifungua ndiye nahodha wa usiku huo. Ya kwetu iko ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na komwe, na aliyeitumia ana wiki moja ya kuijaza tena.